Nilizua Msiba Ili Faili Langu Likamilike

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili usisome nusu ya barua hii ukimtafuta mtu mwingine wa kumlaumu. Mimi mwenyewe nilimtafuta kwa muda mrefu na sikumpata.

Familia kumi na nne zimepoteza ardhi iliyokuwa chini ya nyumba zao kwa sababu katibu wao alitaka kila kitu kiwe sawa kwanza. Katibu huyo ni mimi. Nina miaka ishirini na sita, na hadi mwaka jana nilijiona mtu makini kuliko wote ninaowajua.

Nikueleze tulivyokuwa tunaishi. Mtaa wetu ulikuwa kati ya Ukunda na Kinondo, ng'ambo ya barabara, upande usio wa hoteli. Nyumba zilikuwa zetu, ardhi haikuwa yetu. Kwa mgeni jambo hili ni kama mzaha, lakini huku pwani ni la kawaida: mwenye shamba anakuruhusu kujenga, unamlipa kodi ya ardhi, na kuta ni zako, mlango ni wako, paa ni lako. Udongo ni wake. Mama yangu alijenga hivyo kabla sijazaliwa. Paa lilikuwa la makuti aliyoyashona mwenyewe, maana kushona makuti ndiyo kazi yake. Wageni wengi wamekunywa maji ya madafu huko Diani chini ya makuti yaliyopita mikononi mwake, na hawajui.

Mwenye shamba alikuwa mzee wa Mombasa, mpole, ambaye tulimwona mara moja kwa mwaka. Akafariki. Tulikwenda kuzika, tukakaa matanga, na siku ya hitima mwanawe mkubwa, Bwana Faraj, akatuita kando.

Alitwambia kwamba warithi wameamua kuuza. Kulikuwa tayari na mtu aliyetaka kujenga nyumba za wageni. Lakini marehemu alitupenda, akasema, kwa hiyo sisi wenye nyumba tungepewa nafasi ya kwanza. Na hakuna kitakachouzwa mama yake akiwa kwenye eda ya kufiwa na mume. Si sharti la dini, ni heshima tu ya familia yao. Hivyo tulikuwa na miezi minne na siku kumi.

"Sitaki pesa leo," akasema. "Jiungeni muwe chama cha ushirika. Mtafute shirika lolote linalojulikana, liandike barua kwamba linawafahamu na litawashika mkono. Mama akitoka eda nileteeni barua hiyo, nami nitasimama nanyi mbele ya ndugu zangu."

Barua moja. Ukurasa mmoja, sahihi moja, mhuri mmoja. Hicho ndicho kilichotakiwa kwetu, na hakuna mtu mtaani ambaye hakukielewa, isipokuwa mimi.

Kikao cha kwanza kilikuwa uani kwa Bi Mwanasiti. Yeye ni mama karanga, yaani hununua samaki kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza kando ya barabara. Tulimchagua mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyethubutu kupendekeza mwingine. Mweka hazina akawa Mutua, mtunza bustani wa hoteli, mtu wa bara aliyehamia kwetu miaka mingi na ambaye Kiswahili chake bado hakijahamia. Ukatibu nikapewa mimi.

Nilipewa kwa sababu najua kompyuta. Sikwenda chuo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kwenye dobi la hoteli kuhesabu mashuka, na mengine yote nilijifundisha kwa video na kwa kukosea. Sisi tuliojifundisha wenyewe tuna ugonjwa wetu. Siku zote tunaamini kuna ukurasa mmoja ambao wenzetu wote walisomeshwa na sisi hatukuusoma, na kwamba siku tutakapofungua mdomo mbele ya watu wa maana, swali la kwanza litatoka kwenye ukurasa huo.

Siku ile ile Mutua alikuwa na nambari mfukoni. Huko kwao, alieleza, watu walijenga nyumba kupitia ushirika, wakasaidiwa na shirika lenye ofisi Mombasa pia. Binamu yake anamjua mama mmoja wa shirika hilo anayezunguka pwani nzima, anaitwa Bi Rukia.

"Katibu, wacha nipige tu saa hii," akasema. "Hakuna mambo mingi."

Nikamzuia. Nilisema hatuwezi kupiga simu tukiwa hatujui hata tunaomba nini, tutaonekana washamba. Nikaomba wiki mbili nifanye utafiti. Watu wakamtazama Bi Mwanasiti.

"Mpeni," akasema. "Aliyesoma ni yeye."

Sikusoma, lakini nilipenda nilivyosikia.

Nikaanza orodha. Naomba uniamini, ilikuwa orodha nzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Katika wiki mbili hizo nilijifunza mambo ambayo mtu yeyote mwenye chama cha nyumba anapaswa kuyajua. Kuna mashirika yanayokopesha fedha za kujenga, na kuna yale yasiyokupa hata senti lakini yanakuja kukaa nanyi na kuwafundisha namna ya kuendesha chama bila kugombana. Kuna mawakili wanaosaidia wanyonge kuhusu hati na mirathi. Kuna wachoraji wa ramani za nyumba za gharama ndogo. Na kabla ya wote hao kuna afisa wa ushirika wa kaunti, ambaye kazi yake ni kukusajili na kukuelekeza.

Huyo afisa tulikwenda kumwona Kwale. Alitupokea vizuri, akatupa kanuni za mfano, akasema tujaze mapengo na kumrudishia. Kanuni zilikuwa kurasa kumi na mbili. Nilizisoma nikaona zina upungufu. Nikazifanya thelathini.

Wiki mbili zikawa sita. Kila shirika nililipa alama kati ya kumi. Moja nililishusha kwa sababu ukurasa wake wa mtandaoni haukuwa na habari mpya. Jingine nililifuta kabisa kwa sababu picha yao ilionyesha watu waliovaa sweta, nikajiuliza watu wa sweta watajua nini kuhusu makuti. Shirika la Bi Rukia nililipa alama sita, maana nambari yao ilikuwa ya simu ya mkononi. Nilijiambia kwamba shirika la kweli lina simu ya mezani.

Kisha ikaja barua ya maombi. Siku nane nilizitumia kwenye maneno ya kumwita msomaji tu, kama aitwe Mheshimiwa au Mpendwa au Bwana na Bibi.

Vikaoni nilisoma maendeleo. Watu walipiga makofi. Mtu akiuliza mashirika yamesema nini, nilijibu kwamba bado tunayachambua. Tunayachambua! Ungedhani wao ndio waliokuwa wakituomba sisi mahali pa kulala.

"Katibu anatafuta shirika ama anatafuta mchumba?" Mutua aliuliza siku moja. "Mpaka ajue ukoo."

Wakacheka hadi Bi Mwanasiti akajifuta machozi kwa leso. Mimi nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao: mweka hazina alitoa maoni.

Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, Mutua alichoka. Alimpigia Bi Rukia mwenyewe bila kuniambia, akamweleza habari zetu na kumpa nambari yangu. Nilikuwa dobini, nimezungukwa na taulo za watu, simu ikalia.

Alinisalimia salamu ndefu za pwani, hali yangu, ya wazazi, ya kazi. Kisha akaniambia kwamba siku hiyo yuko Msambweni kuona kikundi kingine na atamaliza adhuhuri. Akirudi Mombasa lazima apite kwetu. Akikuta hata watu watatu, nusu saa inamtosha.

Faili nililoweka orodha yangu lilikuwa na jedwali ambalo mistari yake haikulingana. Kanuni zangu zilikuwa zimeruka nambari kuanzia ukurasa wa kumi na tisa. Barua bado haikuwa na mtu wa kuitwa. Nikamwambia kwamba nyaraka zetu hazijakamilika.

"Nyaraka tutazijaza pamoja, mwanangu," akasema. "Ndiyo kazi yangu hiyo."

Mtu mwenye akili timamu angelia kwa furaha. Mimi niliingiwa na hofu. Niliona atafungua faili langu na kuanza kujaza kwa kalamu yake, juu ya mistari yangu, na kwamba angegundua katika dakika tano za kwanza kuwa katibu hajui lolote.

"Leo haitawezekana," nikasema. "Tuna msiba."

Wallahi sikuwa nimepanga. Lilitoka lenyewe, laini, kama lilikuwa likingoja mlangoni. Akasema inna lillahi, akauliza ni nani. Nikajibu ni mzee wetu mmoja. Akauliza kama tunazika leo. Nikasema alasiri. Akamwombea marehemu wangu rehema na tukaagana, nami nikarudi kukunja taulo nikiwa nimepumua.

Nilisahau jambo moja, na mimi ni mzaliwa wa hapa, sina udhuru. Huwezi kumwambia mtu wa pwani kwamba una msiba, na nyumba yako iko kwenye njia yake, kisha ukategemea atapita bila kusimama.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mama.

Alikuwa barazani anashona makuti. Gari likasimama, akashuka mwanamke wa makamo mwenye buibui, mkononi ana pakiti mbili za sukari na majani ya chai. Akaamkia kwa unyenyekevu wa mtu aliyekuja kwenye mazishi, akauliza matanga yako nyumba ipi. Mama akauliza amefariki nani. Mgeni akasema ameambiwa ni mzee wa mtaa huu na anazikwa alasiri hii.

Mama akaruka. Alidhani kuna mtu amekufa mlango wa pili naye hana habari, aibu ambayo mtaani kwetu haifutiki. Akaacha makuti yake, akaenda nyumba hadi nyumba, kila mlango akisema anasalimia tu. Kila alipobisha, mtu alitoka mzima. Kwa Mzee Bakari, aliyekuwa mkongwe kuliko wote, mama alisimama mlangoni akamtazama muda mrefu kiasi kwamba mzee akauliza mbona anamtazama kama anayempima sanda.

Aliporudi akamuuliza mgeni habari hizo kazipata kwa nani. Mgeni akasema kwa katibu wa chama cha nyumba.

Mama yangu si mjinga. Akamkaribisha kiti, akampa maji. Akamwambia kwamba katibu ni mwanawe na pengine aliyefariki ni mtu wa kazini kwao. Alidanganya kwa ajili yangu, mbele ya mtu aliyekuja na sukari. Bi Rukia hakubisha. Akaiacha ile sukari na majani ya chai, akaandika nambari yake kwenye karatasi ingawa nilikuwa nayo, akasema: "Mwambie anipigie, hata kesho. Sitamuuliza kuhusu mazishi."

Nilifika nyumbani saa kumi. Chai ilikuwa imeshamiminwa.

"Kaa," mama akasema. "Chai hii ina sukari ya msiba. Kunywa, kisha uniambie tumefiwa na nani."

Nililia. Hakunipiga wala hakuinua sauti, na afadhali angefanya hivyo. Aliweka ile karatasi mbele yangu.

"Mpigie."

"Nitampigia, mama."

"Sasa."

"Nahitaji kupanga maneno."

"Maneno gani ya kupanga? Sema nimekosa. Kisha mwambie lini tunafukuzwa."

Hakuna mshauri aliyewahi kunipa maelekezo mafupi kuliko hayo, na sikuyafuata. Nilianza kuandika maneno ya kuomba radhi. Niliyaandika, nikayafuta, nikayaandika. Kila siku niliyochelewa iliongeza jambo jingine la kuombea radhi, hivyo maandishi yakawa marefu zaidi, na yalivyozidi kuwa marefu ndivyo yalivyohitaji kusahihishwa. Ndugu yangu, niliomba radhi kwa bidii kubwa kwa wiki tano bila mwombwa radhi kupata habari.

Katika wiki hizo kikao kilikaa. Mutua akauliza ilikuwaje, maana Bi Rukia alimhakikishia kwamba anakuja siku ile. Hapo nilikuwa na nafasi yangu ya mwisho ya kuwa mtu. Nikasema alipiga kuahirisha, amepata safari ya ghafla, watu wa mashirika ndivyo walivyo.

Bi Mwanasiti akafyonya. "Wakubwa wana safari zao," akasema.

Mama alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Alikuwa akitazama vidole vyake. Uso wake wa siku hiyo ndio ninaouona hadi leo nikifumba macho. Mtu ambaye hakuwahi kumdhulumu mtu hata ukuti mmoja alikaa kimya akaacha nyumba yake iende, ili mwanawe asiaibike. Na mimi nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba shirika limeahirisha.

Bibi mjane akatoka eda.

Bwana Faraj alikuja baada ya swala ya alasiri, na kanzu yake, peke yake. Tulimtandikia mkeka. Watu wote kumi na wanne wenye nyumba walikuwepo, wengine na wake na waume zao. Nikaleta faili. Kurasa sitini na moja, jalada la plastiki, limefungwa kwa waya wa kuzunguka. Mashirika ishirini na matatu, kila moja na huduma zake, masharti yake na alama zake.

Alilifungua kwa heshima. Alipita ukurasa baada ya ukurasa, na ninaona haya kukuambia kwamba nilifurahi.

"Mashaallah," akasema. "Umeifanya mwenyewe kazi hii?"

"Naam."

"Na barua iko ukurasa gani?"

Nikamweleza kwamba kuanzia ukurasa wa nne hadi wa hamsini na tisa ni mashirika yanayoweza kuiandika.

Akalifunga polepole, akaliweka juu ya mkeka kama mtu anayelaza mtoto. Bi Mwanasiti akaomba wiki mbili. Mutua akaomba wiki moja. Bwana Faraj akatikisa kichwa. Alisema amebishana na ndugu zake miezi minne mkono mtupu.

"Ningekuwa na karatasi moja," akasema, "hata yenye makosa kila mstari, ningepigana nao. Sasa nitawaonyesha nini?"

Ardhi ikauzwa kwa yule wa nyumba za wageni. Tulipewa miezi mitatu tuondoe vilivyo vyetu: mabati, milango, madirisha, makuti. Ndivyo ilivyo nyumba isiyo na ardhi. Unaihamisha kama kitanda, isipokuwa kuta, ambazo zinabaki zikinyeshewa hadi zirudi kuwa udongo wa mwenyewe.

Mama alishusha makuti yake kwa mkono wake. Hakutaka fundi. Sasa tumepanga chumba kimoja Ukunda, nyuma ya maduka, paa ni bati na ua hakuna. Mwenye nyumba hataki makuti kwenye ukumbi, anasema yanaleta wadudu. Kwa hiyo mama hashoni tena. Asubuhi anafagia chumba, kisha anakaa. Ukimuuliza atakwambia anapumzika.

Na sisi tulipoagana pale mtaani, unajua walinifanyia nini? Walinichangia leso. Bi Mwanasiti alinifunga begani mbele ya watu, akasema hakuna aliyehangaika kama katibu, ila hao wakubwa wa mashirika hawana imani. Nikaipokea. Nikasema ahsanteni.

Ningekaa na siri hiyo hadi kaburini, kama lile faili lisingekuwa zuri.

Mutua alikuwa na mwenzake wa bustani, mtu wa Kikoneni, ambaye kwao familia kadhaa za wakulima zilitaka kujenga pamoja. Alimwazima nakala. Wale watu hawakusoma alama zangu wala hawakuangalia majedwali. Walifungua, wakapiga nambari ya kwanza, haikupokelewa, wakapiga ya pili, ikapokelewa. Ilikuwa ya Bi Rukia.

Siku moja nilikuwa kando ya barabara kwa Bi Mwanasiti, yeye anakaanga, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Akafika kiongozi wa kikundi hicho, Bwana Suleimani, na gunia la muhogo begani. Alikuja kunishukuru. Alisema wamempigia yule mama Jumatatu na Alhamisi alikuwa kwao amekaa mkekani anajaza makaratasi nao. Barua ya kuwatambua wameipata kabla mwezi haujaisha, na sasa wanafundishwa kuhusu hati.

Bi Mwanasiti aliinua mwiko. "Ndiye yule mwenye safari?"

"Safari gani?" Bwana Suleimani akauliza. "Yule mama akisema anakuja, amefika."

Bi Mwanasiti akanigeukia. Alinitazama tu, na mafuta yanachemka.

Nikasema. Nilisema vibaya, bila mpangilio. Nilianzia kwenye sukari, nikarudi kwenye simu, nikaruka hadi kwenye leso, nikasahau kutaja msiba hadi mwisho, ikabidi Bwana Suleimani aulize msiba wa nani. Nilisema wa mtu ambaye hayupo. Maskini yule mgeni hakujua aangalie wapi, akawa anapanga upya muhogo wake ndani ya gunia.

Bi Mwanasiti aligeuza samaki wake mmoja mmoja ili wasiungue. Alipomaliza akaniuliza: "Wewe bado ndiye katibu?"

"Ndiyo."

"Basi iandike kwenye kumbukumbu. Jumapili utaisoma mwenyewe, wote wasikie."

Kati ya familia kumi na nne, tisa bado ziko karibu, na tisa hizo zilituma mtu. Nilisoma nimesimama. Nilitazamia kelele, lakini zilikuwa chache. Mutua alishika kichwa.

"Katibu," akasema, "mimi nimekosana na binamu yangu juu ya huyo mama. Nilimwambia anatuletea watu waongo. Hatujaongea mpaka leo."

Hilo sikuwa nimeliweka kwenye hesabu. Kuna dada mmoja aliondoka kabla sijamaliza, na tangu hapo nikimsalimia anaitikia salamu tu, haongezi neno. Ana haki yake.

Kisha wakapiga kura, mbele yangu. Kalamu wakaniachia mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Simu akapewa Mutua. Alimpigia Bi Rukia pale pale, sauti imefunguliwa wote tusikie, na katika dakika nne akapata yale niliyoyatafuta kwa miezi minne na siku kumi. Alikuja Jumatano. Kuhusu mazishi hakuniuliza, kama alivyoahidi. Aliuliza mama yangu hajambo.

Usidhani nakupa mwisho mwema. Tunaanza tena tukiwa wapangaji, hatuna ardhi ya mtu wala ya kwetu, na yule mtu mmoja aliyekuwa tayari kutuuzia kwa heshima tulikwisha kumpoteza. Pale mtaani sasa kuna ukuta mrefu na lango. Kuta za mama zimo ndani, kama bado zimesimama.

Wewe uliye kama mimi, uliyepewa ukatibu wa chama cha nyumba kwa sababu unajua kuandika, nisikilize. Nenda kwa afisa wa ushirika wa kaunti yako, chukua kanuni anazokupa, jaza mapengo, mrudishie wiki hiyo hiyo. Tafuta kikundi kilichokwisha kujenga, uliza nani aliwasaidia, na umpigie mtu huyo mkiwa mmekaa pamoja ili usipate nafasi ya kuzua. Mwambie mko wangapi, mnakaa wapi, na siku gani mnaiogopa. Akikuuliza usilolijua, sema hulijui. Mashirika haya yapo kwa ajili ya watu ambao nyaraka zao hazijakamilika. Waliokamilika wana nyumba tayari.

Na ukishadanganya, usikae ukitengeneza maneno ya kuomba radhi. Nenda nayo mabovu hivyo hivyo.

Ukurasa huu wa barua za wasomaji umeniruhusu kuandika bila jina, na nimekubali haraka sana, hilo nalo liweke kwenye makosa yangu. Lakini katika daftari la chama jina langu lipo, langu na la baba na la babu, na chini yake sahihi za watu tisa walionisikia nikilisoma kosa langu. Bi Mwanasiti alitia dole gumba lenye mafuta, likachafua ukurasa mzima. Sikuuandika upya.